Uzuri wa Moshi Juu ya Maji



Ndugu zangu wanafunzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa haraka linaonekana dogo, nalo ni furaha ya macho. Swali langu ni hili: ikiwa kitu kinachopendeza machoni mwangu kimetokana na kitu kinachomuumiza mtu mwingine, je, nina haki ya kukifurahia?

Swali lilizuka chumbani kwetu Namakwekwe muhula uliopita, na lililolileta ni kalenda. Mwenzetu mmoja alipewa kalenda ya mwaka uliokwisha kupita, yenye picha za wachoraji wa Ulaya, akaitundika ukutani kwa ajili ya picha zake. Ukurasa uliokuwa wazi ulionyesha daraja juu ya mto mpana, na kila kitu kimefunikwa na ukungu wa rangi ya buluu na waridi. Wawili kati yetu tuliisifu. Wa tatu, ambaye kwao ni Jinja, karibu na mwalo wa samaki, aliitazama kitambo kisha akasema, "Huo ni moshi. Mnasifu moshi?" Tukabishana mpaka ikaadhiniwa isha. Mabishano yale hayakuniridhisha, maana kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Picha yenyewe

Picha hiyo ni ya Mfaransa Claude Monet, na daraja ni la Waterloo juu ya mto Thames, London. Monet alifika London mwaka 1899, akarudi mwaka 1900 na 1901. Alikaa katika hoteli ya Savoy, ambayo inautazama mto kutoka juu. Asubuhi alichora daraja la Waterloo lililokuwa kushoto kwake, na jua lilipopanda alichora daraja la Charing Cross lililokuwa kulia. Jioni alikwenda hospitali ya St Thomas iliyo ng'ambo, na kutoka hapo akachora majengo ya Bunge jua likishuka nyuma yake. Kwa jumla alishughulikia karibu picha mia moja za mto huo, nyingi akazimalizia nyumbani kwake Ufaransa. Mwaka 1904 alionyesha 37 kati ya hizo mjini Paris.

Mto Thames wakati ule ulikuwa na pirikapirika nyingi. Matishari yalipita na mizigo, boti zilipita na abiria, na juu ya daraja magari ya farasi yalifuatana. Lakini Monet hakuchora tishari kwa namna ya kukuonyesha mbao zake na misumari yake. Mkwaruzo mmoja mweusi wa brashi juu ya maji, hilo ndilo tishari. Magari na watu walioko darajani ni vidoa vya rangi tu. Ng'ambo ya mto mabomba ya viwanda yamesimama kama vivuli, na moshi wake umechanganyika na ukungu hata huwezi kusema hewa inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Chini ya matao ya daraja mwanga wa jua umeanguka majini vipande vipande, vingine vya rangi ya chungwa, vingine vya waridi.

Kila picha katika mfululizo huo ina hali yake ya moyo. Iko ya kijivu, yenye uzito wa asubuhi ya mvua hapa Mbale wakati mlima Wanale umefichwa na mawingu na hakuna anayetaka kutoka kitandani. Iko ya buluu, na utulivu wake ni ule wa saa ya baada ya swala ya alfajiri. Iko ambayo jua limepenya na mto wote unaonekana kama unawaka. Daraja ni lile lile na mto ni ule ule. Kilichobadilika ni mwanga, na kile ambacho mwanga umepita ndani yake kabla ya kufika kwenye jicho.

Kabla sijaendelea, najua kuna msomaji atakayeuliza juu ya hukumu ya kuchora. Mlango huo upo katika vitabu vya fiqhi, na maulamaa wameueleza kwa urefu. Inatosha hapa kukumbuka kwamba Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji aliyemjia kwamba, kama hana budi kuchora, achore miti na vitu visivyo na roho. Picha ya mto na daraja iko karibu na upande huo. Swali langu leo ni la mtazamaji.

Ukungu ulitoka wapi

Mwenzetu wa Jinja alisema kweli. London ya wakati wa Monet ilichoma makaa ya mawe viwandani, kwenye garimoshi, na katika majiko ya nyumba zisizohesabika. Unyevu wa mto ulipokutana na moshi huo, ukungu ulikuwa mzito na wenye rangi. Monet aliupenda ukungu huo, na alisema waziwazi kwamba ndio unaoipa London uzuri wake. Mwaka 2023 watafiti wawili, Anna Lea Albright na Peter Huybers, walichapisha utafiti wao wa picha za Monet na za Mwingereza Turner. Walizilinganisha na makadirio ya moshi wa salfa wa nyakati zile, wakakuta kwamba kadiri hewa ilivyozidi kuchafuka, ndivyo kingo za vitu katika picha zilivyozidi kufifia na weupe kuongezeka.

Kuna barua ambayo Monet alimwandikia mke wake kutoka London. Anasimulia kwamba asubuhi moja aliamka akakuta hakuna ukungu hata kidogo. Alivunjika moyo kabisa, akaona picha zake zote zimeharibika. Kisha, kidogo kidogo, moto ukawashwa majumbani, moshi na ukungu vikarudi, naye akarudi kwenye kazi yake.

Naomba tuishike habari hiyo, tutaihitaji. Hewa ilisafika, naye akahuzunika. Hewa ikachafuka, naye akafurahi.

Wakazi wa London walilipa gharama ya hewa hiyo kwa muda mrefu. Mwezi Desemba 1952 ukungu wa moshi ulilala juu ya jiji kwa siku tano. Makadirio ya wakati ule yalitaja vifo vipatavyo 4,000, na utafiti wa baadaye umefikisha hesabu hadi 12,000. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha sheria ya hewa safi. Ni Bunge lile lile ambalo Monet alilichora likiwa kivuli cha zambarau ndani ya moshi.

Majibu mawili ya haraka

Chumbani kwetu yalitolewa majibu mawili, na nadhani ndiyo yanayotolewa kila mahali.

La kwanza lilikuwa la mwenye kalenda. Alisema uzuri una hesabu yake na madhara yana hesabu yake. Mchoraji hakuwasha moto wowote, mtazamaji wa leo hakuwasha pia, na waliovuta moshi ule wote wamekwisha kufa. Kwa hiyo tuache picha iwe picha. Jibu hili lina nguvu kwa sababu ni kweli kwamba kutazama si kutenda. Udhaifu wake ni kwamba linaligawa jicho na moyo, kana kwamba mtu anaweza kuangalia kwa macho ya mwenziwe na kuacha akili yake mlangoni pamoja na viatu.

La pili lilikuwa la mwenzetu wa Jinja. Alisema kusifu uzuri wa kitu kinachoumiza watu ni namna ya kuwadhihaki. Kwanza waondolewe taabu, ndipo tuzungumze juu ya rangi. Jibu hili lina huruma ndani yake, nami naliheshimu. Udhaifu wake ni kwamba tukilifuata mpaka mwisho hatutabaki na kitu cha kufurahia duniani. Kanzu ninayovaa ina jasho la mtu shambani na mwingine kiwandani. Chai ya maziwa ninayokunywa jioni ina mchumaji aliyeamka usiku. Mtu akikataa uzuri wote uliogusana na taabu ya binadamu, atabaki amefumba macho, na aliyefumba macho haioni taabu yenyewe pia.

Dini yetu na furaha ya macho

Katika Sahih Muslim iko hadithi mashuhuri ambayo wengi wetu tumeisikia nusu yake. Mtume (s.a.w.) aliwaonya masahaba juu ya kibri. Mtu mmoja akauliza: vipi kuhusu mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri? Akajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Hapo ndipo wengi wetu huishia. Lakini Mtume (s.a.w.) aliendelea, akaeleza kibri ni nini: ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Mimi naona nusu ya pili ndiyo ufunguo wa swali letu. Hadithi ile ile inayoruhusu uzuri ndiyo inayouwekea mpaka, na mpaka wenyewe haukuwekwa kwenye nguo wala kwenye viatu. Umewekwa kwenye uhusiano wa mpenda uzuri na ukweli, na uhusiano wake na watu. Unaweza kupenda uzuri bila dhambi. Dhambi inaingia pale uzuri unapokufanya usitake kuujua ukweli, au unapokufanya umwone mtu kuwa si kitu.

Pia tuitazame Sura ya An-Nahl. Mwenyezi Mungu anatukumbusha neema ya mifugo, kwamba kwayo tunapata joto, manufaa na chakula, kisha anataja uzuri tunaouona tunapoirudisha jioni na tunapoitoa asubuhi kwenda malishoni. Sikuzote hunishangaza kwamba uzuri umetajwa hapo katikati ya kazi. Asubuhi na jioni ni saa za mchungaji kuwa kazini, na ni saa ambazo mwanga ni wa rangi. Kwa hiyo haiwi haramu kuona uzuri katika kazi ya watu. Linalotakiwa ni kwamba uzuri huo utupeleke kwenye shukrani, na shukrani haikamiliki mtu akiwa hataki kujua neema imemfikia kwa mikono ya nani.

Jicho linaona, akili inahukumu

Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mwaka 965 hivi, aliandika Kitab al-Manazir, kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona. Wengi tunamjua kwa hoja yake kwamba tunaona kwa sababu mwanga kutoka kwenye vitu unaingia machoni. Lakini katika kitabu hicho hicho alisema jambo lingine linalotuhusu zaidi leo. Alihesabu mambo 22 ambayo jicho huyapata kutoka kwenye vitu, yakiwemo mwanga, rangi, umbali, ukubwa, kivuli, uzuri na ubaya. Akaeleza kwamba mengi katika hayo hayapatikani kwa hisia tupu. Akili huingia ikapambanua, ikalinganisha, ikahukumu, na hufanya hivyo kwa haraka kiasi kwamba mtu hadhani amefanya kazi yoyote.

Faida yake kwetu ni kubwa. Ikiwa kuona ni pamoja na kuhukumu, basi kuona kunaweza kufanywa vizuri au vibaya, kwa uaminifu au kwa uvivu. Sasa tunaelewa zaidi kwa nini Sura ya Al-Isra inatuonya kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Jicho haliulizwi kwa sababu limepokea mwanga. Linaulizwa pamoja na moyo kwa sababu ya kile tulichokifanya na mwanga huo.

Mwaloni Jinja

Likizo iliyopita mwenzetu alinialika kwao. Tulipanda taksi kutoka Mbale, tukapita Tirinyi na Iganga, tukafika Jinja usiku. Kabla jua halijatoka akanichukua mwaloni. Wavuvi wa dagaa, ambao huku kwetu tunawaita mukene, walikuwa wanarudi. Uvuvi huo hufanywa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta samaki. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nishati ya jua. Ukiwa ufukweni, taa za mbali zinafanana na mji uliojengwa juu ya ziwa. Taa moja baada ya nyingine ilizimika kadiri anga ilivyopata weupe. Mitumbwi ilijipanga, wachukuzi wakaingia majini mpaka kiunoni, wanawake wakaja na mabeseni, na bei zikaanza kutajwa kwa Kisoga, Kiganda na Kiswahili.

Nyuma ya mwalo yalikuwako matanuri ya kukaushia sangara kwa moshi. Jua lilipochomoza, miale yake ilipita kwenye moshi huo na kila mwale ukaonekana peke yake, umenyooka kama kamba ya dhahabu kutoka kwenye majani ya mti mpaka mchangani. Wanawake waliokuwa wakigeuza samaki walionekana kama wamezungukwa na nuru. Nilisimama nikitazama. Mama mmoja aliyekuwa karibu na tanuri akaniambia, "Mwanangu, usisimame hapo, utalia."

Nikamsalimu, nikampa pole ya kazi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia kwamba mahali pale panapendeza asubuhi, na mwanga ule sijapata kuuona. Akacheka, akautazama naye, akasema, "Unapendeza, ndiyo. Lakini ukiona mwanga umekuwa hivyo, ujue kuni ni mbichi."

Nikamuuliza kwa nini wasitumie kavu. Akasema kavu zinauzwa ghali, na msimu wa mvua hazipatikani. Kisha akarudi kwenye samaki wake, akifuta macho kwa ncha ya leso.

Nimeyafikiria maneno ya mama yule kuliko mihadhara mingi. Hakukana uzuri, wala hakunikasirikia kwa kuutaja. Aliuona kama nilivyouona, pengine amekuwa akiuona miaka mingi. Lakini yeye aliusoma. Palepale niliposoma dhahabu, yeye alisoma hali ya kuni, bei ya sokoni, na jinsi kifua chake kitakavyokuwa jioni. Kwa lugha ya Ibn al-Haytham, mwanga uliofika kwenye macho yetu ulikuwa mmoja, ila hukumu yake ilikuwa kamili kuliko yangu.

Wala jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 3.2 walikufa duniani kutokana na hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa ni moshi wa kuni, mkaa na mafuta ya taa. Na tusidhani mafaqihi wetu walilifumbia macho. Wanazuoni wa zamani, hasa wa madhehebu ya Maliki, walijadili moshi wa tanuri na wa hamamu unaomfikia jirani, wakauhesabu katika madhara yanayopasa kuzuiwa.

Kipimo

Sasa nirudi kwenye swali. Jibu langu ni kwamba kuuona uzuri wa moshi si dhambi. Mtu hachagui macho yake yapendezwe na nini mwanga unapopita mahali. Kipimo kiko kwingine: je, siku moshi utakapoondoka, na uzuri ule ukaondoka nao, utafurahi au utahuzunika?

Tuseme mwakani wanawake wa mwalo ule wamepata matanuri bora. Yapo, kwa mfano jiko la Chorkor lililobuniwa Ghana, ambalo hukausha samaki wengi kwa kuni chache na moshi mdogo. Nitafika pale asubuhi, jua litachomoza, na hakutakuwa na mwale hata mmoja wa dhahabu. Kutakuwa na hewa tupu, mchanga, na mama mwenye macho meupe anageuza samaki. Nikisema alhamdulillah kwa moyo mkunjufu, basi furaha yangu ya mwaka jana ilikuwa safi. Nikisema moyoni, "Pamepoteza ladha," basi nijue kwamba nilikuwa nakula kutoka kwenye macho ya mama yule.

Kwa kipimo hiki tunaweza kumrudia Monet bila kumwonea. Kazi yake ina sehemu mbili. Kama mchoraji, alikuwa shahidi mwaminifu. Alichora alichokiona, wala hakuipaka hewa buluu ya uongo, na zaidi ya miaka mia moja baadaye wataalamu wameweza kuziita picha zake zitoe ushahidi juu ya uchafu wa hewa. Huo ni uaminifu wa jicho, nao una thawabu yake mbele ya ukweli. Lakini asubuhi ile alipohuzunishwa na hewa safi na kufurahishwa na moto kuwashwa, moyo wake ulikuwa umesimama upande wa moshi dhidi ya mapafu ya wenyeji. Simhukumu mtu, hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Nasema hali ile inaweza kumpata yeyote mwenye macho mazuri, na sisi wa leo inatupata kwa simu zetu.

Pingamizi tatu

Nilipomweleza mwenye kalenda kipimo hiki, aliniletea pingamizi nzuri. Akasema: basi kila uzuri unaweza kubomolewa kwa jina la manufaa. Akataja maporomoko ya Ripon, pale mto Naili unapotoka ziwani Jinja. Speke alipofika pale mwezi Julai 1862 alistaajabu. Aliandika juu ya samaki wanaoruka, wavuvi wa Kisoga na Kiganda juu ya miamba, kivuko kikivusha watu, na ng'ombe wakiteremka kunywa maji. Ilikuwa picha kamili ya mto wenye shughuli. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, maporomoko yale yalizama. Tukapata umeme. Je, tufurahi tu?

Nilimjibu kwamba lazima tutofautishe uzuri uliofanyika kwa madhara na uzuri uliokaa kando ya haja zetu. Miale ya mwaloni imefanywa na moshi wenyewe. Ukiondoa madhara, umeuondoa uzuri, hakuna njia ya kuvitenganisha. Maporomoko hayakumdhuru mtu kwa kule kuwa mazuri. Kupotea kwake ni hasara ya kweli, na mtu anaweza kuihuzunikia huku anasoma kwa taa ya umeme, bila unafiki. Kipimo changu ni cha aina ile ya kwanza.

Pingamizi ya pili ni ya upande mwingine. Mtu atasema: moshi ndio riziki ya mama yule, ukiupiga vita moshi utamfungia kazi. Hili ni onyo la haki. Dawa yake ni kumsikiliza mwenye maumivu. Mama hakuniambia mwalo ufungwe. Aliniambia habari ya kuni. Mara nyingi wanaokuja kusaidia hawajui tofauti hiyo kwa sababu wametazama bila kuuliza.

Ya tatu ni ya mwanafunzi asiye na kitu: mimi nifanye nini, na mfuko wangu ni wa nauli tu? Hapo najibu kwamba swali hili halikuletwa ili litukatishe tamaa. Linaanza na nia, na nia haina gharama.

Tutazame vipi

Hapa Mbale tuna somo la kila msimu. Mvua kubwa ikinyesha, kwenye majabali ya Wanale hutokea maporomoko membamba meupe, na jua likiyapiga mji mzima huinua macho. Maji hayo hayo huteremka bondeni. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, baada ya mvua kubwa, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake, na zaidi ya watu ishirini wakafariki. Sikwambii usiutazame tena mlima baada ya mvua. Utazame, na useme subhanallah, maana ni kazi ya Mola wako. Kisha macho yako yaufuate mwanga kwenda chini, mpaka kwenye nyumba zilizo kando ya mto, na uulize waliomo wamelalaje.

Kwa hiyo, ndugu yangu, utakapopiga picha ya mwalo, ya tanuri la matofali linalofuka jioni, au ya wabeba mizigo sokoni jua likiwa nyuma yao, fanya mambo mawili kabla hujaituma. Kwanza msalimu mtu aliye ndani ya picha na umwombe idhini, kwa sababu yeye si kidoa cha rangi. Pili jiulize mwanga huo umepita ndani ya nini, na kama hujui, muulize yeye. Anayesoma uhandisi kati yetu na afikirie tanuri. Anayesoma sheria na afikirie kanuni za hewa. Anayesoma biashara na afikirie ni vipi wanawake kumi wanaweza kununua kuni kavu kwa pamoja wakati wa kiangazi na kuzihifadhi. Hayo hayahitaji mfuko mkubwa, yanahitaji mtu aliyetazama vizuri.

Kalenda bado iko ukutani Namakwekwe. Hatukuiondoa, na mwenzetu wa Jinja hakudai iondolewe. Alichoomba ni kwamba mgeni akiingia na kuisifu, aambiwe pia kwamba ule ni moshi wa makaa, na kwamba kulikuwa na watu chini yake. Tumekubaliana hivyo, na naona ni makubaliano ya haki.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yanayoshukuru, atuepushe na kibri cha kuukataa ukweli na kuwadharau watu, na awape afya na riziki ya halali wote wanaofanya kazi ndani ya moshi. Amin. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.